Pumzi ya Amoding

Siku yangu ya kwanza kazini, Matroni alinipa jiwe la kunolea na bakuli la sindano. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa binti wa Marachi, upande wa Busia, niliyetoka chuo cha uuguzi nikidhani najua kazi. Sindano hazikutupwa wakati huo. Tulizinoa, tukazichemsha pamoja na mabomba yake ya kioo, tukazitumia tena. Matroni alipitisha ncha kwenye pamba. "Hii bado inanasa," alisema. "Rudia."

Nilianzia zahanati ya Busia, nikahamishiwa Malaba, nilikofunga majeraha ya madereva wa malori waliongoja kuvuka kwenda Uganda. Kisha nikapelekwa chumba cha upasuaji cha hospitali moja ya misheni, chini ya Daktari Mkuu, mtu wa maneno machache. Huko ndiko alikoletwa Amoding.

Alikuwa mkulima wa Chakol, mjamzito wa miezi saba. Tulimsikia kabla ya kumwona, kwa sababu kila alipovuta pumzi koo lake lilipiga filimbi. Mwaka uliotangulia aliugua pepopunda, akawekewa mpira wa kupumulia kooni kwa siku nyingi. Mpira ule ulimwokoa, lakini ulipotolewa, kovu likaota chini kidogo ya kisanduku cha sauti na kuibana njia ya hewa.

"Lala nikupime," nilimwambia.

"Sista, nikilala ninakufa. Tangu mavuno mimi nalala nikikaa."

Daktari Mkuu alimwita mtaalamu wa koo aliyekuwa akitutembelea mara chache kwa mwaka. Alimsikiliza Amoding mgongoni, akatuita kando. "Uchungu ukianza, hiyo hewa haitatosha watu wawili. Tutaipanua njia yake kesho asubuhi. Sista, trei ya kutoboa shingo iwe wazi karibu yangu. Tukishindwa kupitia mdomoni, tutaingilia hapo."

Kesho yake Amoding alivuta dawa ya usingizi akiwa ameketi. Mtu wa usingizi alimpa kidogo kidogo, maana ikizidi angeacha kupumua, na ikipungua angekohoa chuma kikiwa kooni. Tulipomlaza, mtaalamu alipitisha bomba la chuma lenye taa, akachungulia, kisha akanivuta bega. "Kuja uone."

Niliona kovu jeupe, na katikati yake tundu ambalo njugu isingepita. Mama na mtoto walikuwa wakiishi kwa tundu lile.

Alichukua sindano ndefu, akachoma kovu sehemu nne kwa dawa ya steroidi, inayolainisha kovu lisikaze upesi. Halafu akaingiza vijiti vya kupanulia, chembamba kwanza, kisha kinene zaidi. Kila kijiti kilipoziba tundu, midomo ya Amoding iligeuka samawati. Kijiti kikitolewa, kifua kiliinuka tena, na kila mara kiliinuka zaidi.

Alipolazwa wodini nilienda kumwangalia, nikakuta kimya. Filimbi haikuwapo. Nilidhani amekufa. Niliweka kiganja mbele ya midomo yake, pumzi ya moto ikanigonga mkononi. Alikuwa amelala chali, kama mtu yeyote. Nilisimama pale mpaka Matroni wa hospitali ile akanitafuta, naye akasimama kando yangu bila kuuliza.

Sitawadanganya ninyi mnaoanza kazi: kovu lilirudi. Tulimpanua tena kabla hajajifungua, na mara moja baadaye. Lakini alizaa msichana akisukuma kwa pumzi yake mwenyewe, akilalamika kwa Kiteso mpaka wakunga wakacheka.

Baadaye niliona vifaa vingi vipya, na wagonjwa wengine ambao hatukuwawahi. Nilipostaafu nilienda Chakol kumtembelea. Alinipokea barabarani, akajitwika mzigo wangu, tukaupanda mlima kwenda kwake. Aliongea njia nzima, habari za mahindi, za mkwe wake, za bei ya mbolea, bila kutua hata mara moja. Katikati ya mlima ikabidi nimshike mkono.

"Amoding, ngoja kidogo," nilisema. "Mimi pumzi imeniishia."