Ngoma ya Nakijwa Kwenye Simu ya Baba

Sisi tuliokulia Usangi wakati simu ya kugusa ilikuwa moja kwa nyumba nzima tunajua kusubiri zamu. Yetu ilikuwa ya baba, yenye ufa kwenye kioo, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa ngoma. Duara jekundu likifika unagonga katikati, la buluu ukingoni. Wimbo wa mwisho ulikuwa na mapigo ya haraka mno, mimi nilifumba macho nikagonga hovyo.

Dada yangu Nakijwa, aliyenizidi miaka mitatu, ndiye aliyepata mbinu. Aliitoa uani, tulikokuwa tunapura maharage kwa fimbo. Aliilaza simu juu ya kanga iliyokunjwa, akaniambia, "Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Usirudie kidole kimoja. Na usikaze mkono, we! Ulegeze kama umepura tangu asubuhi." Alianza na nyimbo za polepole, akapanda taratibu, makande yakiungua jikoni na mama akimwita mara ya tatu. Watoto wa leo kila mmoja ana simu yake, na wakishindwa mara mbili wanafuta mchezo.

Nakijwa alibakiza kidogo tu amalize wimbo ule. Kisha akaumwa koo, likapoa kwa chai ya tangawizi, na baada ya wiki kama tatu vifundo vya mikono vikavimba. Mama akauliza amefanya nini. Nikajibu upesi, "Anacheza simu kutwa nzima." Nilitaka zamu yake. Mama akaifungia simu kabatini, akasema, "Ukiiacha hiyo ngoma mikono itapona." Uvimbe ukahamia magotini. Bado tulisema ni simu.

Tulipomshusha hospitali Mwanga alikuwa anapumua kwa shida. Daktari alimsikiliza baba mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Na magoti nayo yalicheza simu, mzee?" Akasema ni homa iliyoanzia kwenye lile koo, ikapita viungoni hadi moyoni. Moyo ulikuwa umeshaharibika. Tulimzika kabla ya mvua za vuli. Mpaka leo sijamwambia mama kwa nini nilijibu upesi vile, na sijajisamehe.

Mwezi uliopita binti yangu, naye mcheza ngoma za simu, alilalamika kidole gumba kinamuuma. Mke wangu akasema, "Si hiyo simu yako!" Nikampakia binti kwenye bodaboda papo hapo hadi zahanati. Nesi alimkagua, akacheka, akasema ni uchovu wa kuchezea simu tu. Binti yangu naye akacheka. Mimi nikamwomba nesi amwangalie na magoti.