Cherehani Iliyokwenda na Matope

Mvua ile ilianza asubuhi, na ilipokatika mchana, kilima kilikuwa kimeporomoka mahali panne hapa Bukavu: mara mbili huku Kadutu, mara moja Bagira, na mara moja juu ya barabara inayoteremka ziwani. Mimi nilisomea ujenzi. Shirika dogo lililopewa kazi ya kuondoa vifusi liliniweka niongoze sehemu zote nne. Nilipewa kamio moja ya kubebea udongo, mashine moja ya kuchota udongo, wanaume wenye mabeleshi, na daftari. Mwanamke nilikuwa peke yangu, nao waliniita maman chef, yaani mama mkubwa wa kazi, wengine kwa heshima, wengine kwa kucheka.

Kamio moja kwa sehemu nne ni kazi ya kukimbizana. Ikiwa Bagira, Kadutu wananipigia simu. Ikija Kadutu, haiingii kwenye vichochoro, kwa hiyo watu wanapanga mstari na kupitishiana udongo kwa mabeseni hadi barabarani. Vifusi vyote tulivipeleka kwenye shimo kubwa nje ya mji, njia ya Kavumu. Kila nilipofika, watu walikuwa wameshaamini kwamba nimewasahau. Nilishuka na kupanda vilima hadi viatu vikaachia soli.

Sehemu ya tatu ilikuwa Kadutu juu, kwenye nyumba ya mjane mmoja, mshonaji wa sare za shule. Nyumba ilikuwa imelala chini yote, na rundo limeziba nusu ya barabara. Yeye alipona kwa sababu alikuwa sokoni. Siku ya kwanza alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Binti yangu, chini ya ule ukuta iko mashini yangu ya kushona, ile ya miguu. Ndiyo inanilisha na wajukuu. Munichimbie polepole, na mikono.”

“Alhamisi, mama,” nikamwambia. “Nitakupa watu sita.”

Akaniamini. Akaenda kijijini Miti kumtafuta ndugu yake aje kusaidia.

Jumanne mkubwa wangu alinipigia simu. Wageni waliotoa msaada wangepita kesho yake, na alitaka wakute barabara iko wazi. Nilimweleza kuhusu yule mama. Akauliza, “Utaweza, ao tukutafutie mwanaume wa kukusaidia?”

Nikasema nitaweza.

Niliita mashine. Wanaume niliwatuma chini kuokota mawe, ili kazi iende haraka. Nilikuwa nimesimama kando ya kamio wakati mashine ilipomwaga mzigo wake wa tatu au wa nne, na katikati ya mbao na matope nikaliona gurudumu la chuma, jeusi, na mguu wa cherehani umeambatana nalo. Dereva wa mashine alikuwa anaangalia nyuma, upande wangu. Ilitosha niinue mkono. Kuitoa na kutafuta kichwa chake kungetuchukua nusu ya siku. Sikuinua mkono. Mzigo uliofuata ukaifunika, kamio ikaondoka.

Wageni walikuja, wakasifu, wakapiga picha. Ninaonekana katikati yao, ninatabasamu.

Alhamisi asubuhi yule mama alifika na ndugu yake, wamebeba jembe na kamba. Walikuta mahali peupe, pamefagiliwa. Alizunguka mara mbili kama mtu aliyepotea njia.

“Mashini iko wapi?”

“Hatukuiona, mama. Tulikuta udongo tu.”

“Basi imeibiwa,” ndugu yake akasema.

Hapo ndipo nilipozidisha. Nilisema, “Inawezekana. Watu ni wengi hapa.”

Mama akakumbuka kwamba mmoja wa wafanyakazi wangu, mzee mrefu tuliyemwita papa, aliyeishi nyumba chache kutoka pale, alimuuliza cherehani ilikuwa upande gani wa nyumba. Alimuuliza ili ajue pa kuchimba taratibu. Aliniambia hivyo mwenyewe siku ile ile. Kufikia saa sita, mtaa mzima ulikuwa unasema ameiuza kama vyuma vikuukuu. Mkubwa wa mtaa akaja kwangu, na watu nyuma yake.

“Maman chef, huyu mutu tumufanyie nini?”

Yule papa hakuwaangalia wao. Aliniangalia mimi. “Maman, sema kitu. Weye unanijua.”

“Aende nyumbani kwanza,” nikasema. “Tutachunguza.”

Aliegemeza beleshi ukutani, vizuri, kama mtu atakayerudi kesho. Watu wakamzomea hadi mlangoni kwake. Sikuchunguza kitu, maana hapakuwa na cha kuchunguza. Hakupata tena kibarua mjini, na baada ya wiki chache akaenda Shabunda kuchimba dhahabu.

Nilimaliza sehemu zote nne. Walinishukuru mbele ya watu. Mtaa ule nilianza kuuzunguka, hata pale njia ya mzunguko ilipokuwa ya matope.

Kilichonishinda ni Jumapili moja kanisani. Nilichelewa, nikakaa kwenye benchi lililokuwa na nafasi, na nilipogeuka nikamwona mke wa yule papa. Ndiyo maana palikuwa na nafasi: watu walimkwepa. Wakati wa kutakiana amani alinyoosha mkono. “Amani, maman.” Niliushika.

Baada ya misa nilimfuata hadi nyuma ya kanisa, nikamweleza yote. Hakulia. Alisikiliza hadi mwisho.

“Bwana yangu walimufukuza mbele ya watu,” akasema. “Na weye unakuja kuniambia hapa nyuma?”

Jumamosi iliyofuata, watu walipokutana kwa salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mifereji ya mtaa, niliomba neno. Nilisema nimeiona cherehani, nimeiacha iende, nimesema uongo, na papa yule hana kosa. Mtu mmoja alicheka, kisha akaacha.

Mjane alikuwa na ufagio. “Uliiona? Na macho yako?”

“Ndiyo, mama.”

“Na miye nilikushika mukono.” Akageuka, akaendelea kufagia.

Nilimpelekea cherehani ya marehemu mama yangu. Aliipokea mlangoni. Hakunikaribisha ndani, nami sikutegemea.

Mke wa papa alinipigia simu baada ya siku kadhaa, akaniunganisha kwenye simu ile ile na mumewe, ambaye alikuwa amepanda kilima huko Shabunda kutafuta mtandao.

“Wanamusalimia sasa muke yangu?” akauliza.

“Wanamsalimia, papa.”

“Basi ni vizuri.”

Nikamwomba msamaha. Nikamsihi arudi, kazi ipo, nitamsimamia. Akasema ataona, amekwisha kuingia shimo moja na wenzake, hawezi kuwaacha katikati.

Kisha akasema, “Ile siku nilikuuliza useme kitu, ukaangalia chini. Nikajua unajua.”

“Kwa nini hukuwaambia watu?”

“Maman, nani angeniamini?”

Hajarudi hadi leo.