Hodi ya Tatu

Mramba alikuwa mtu wa sauti. Huko bandarini Kipevu, alipokuwa nyapara wa makuli, aliita mtu mara moja tu, na aliyeitwa akaja mbio. Lakini yeye mwenyewe ukimwita, haitiki ng'o. Si naam, si labeka. Atakutazama tu, kana kwamba wewe ndiye uliyeitwa. Watu wa Changamwe walimzoea hivyo hivyo. Mwenye nguvu mpishe, walisema.

Yaliyomfika yalianzia kanisani. Siku ya kumchagua mwenyekiti wa wazee wa kanisa, Mramba alikwenda na suti mpya, tena kaishona kwa shughuli hiyo. Akachaguliwa Kai. Kai! Kuli wake wa zamani, ambaye yeye alikuwa akimwita "we mtoto" mbele za watu. Mramba akainuka pale pale.

"Mimi namtii Mungu," alisema mlangoni, "sitiishwi na makuli."

Hakurudi tena. Maneno mazuri, sivyo? Ukiyasikia utadhani ni imani. Kilikuwa kiburi, kimejivika kanzu.

Mkewe, Kanze, aliendelea kwenda ibadani peke yake, mpaka presha ilipomwangusha jikoni. Alipozinduka upande mmoja ulikuwa umekufa, na ulimi umefungwa. Kilichombakia mdomoni ni "ka" tu. Hospitalini walimwambia Mramba amrudishe nyumbani akae naye kwa upendo, naye akaelewa maana yake. Na tuseme kweli, alimtunza. Mikono iliyozoea kuamuru ilijifunza kulisha uji kwa kijiko. Jambo moja tu alimnyima: Meza ya Bwana. Kanze alikuwa akinyoosha mkono wake mzima upande wa kanisa, kisha akigusa midomo, na Mramba akajifanya haelewi. Alijua nani angeuleta mkate: mwenyekiti wa wazee.

Jumapili moja, baada ya ibada, Kai akaja bila kuitwa, katumwa na mchungaji.

"Hodi!"

Mramba alikuwa kwenye kigoda, kando ya kitanda. Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Mramba akakohoa. Ndiyo, alikohoa, mgeni ajue kwamba mtu yumo na hataki.

"Hodi!"

Hodi zikishatimia tatu, muungwana haongezi ya nne. Nyayo zikaondoka. Kanze alikuwa akihangaika kitandani, jasho limemtoka. "Ka... ka... ka..." Mramba akamletea maji, yakamwagika shingoni. Akamletea uji. Kanze akageukia ukutani, akalia.

Salme, jirani yao Mwislamu aliyekuwa akija kumwosha Kanze, akaingia na beseni lake.

"Shemeji, huyu analilia nini?"

"Anaita tu. Ka, ka. Sijui ataka nini."

"Hujui? Ala! Mimi nimesikia toka uani kwangu. Mtu kapiga hodi tatu, nawe mwenye nyumba wamjibu kwa kikohozi! Wallahi, mkeo anamkaribisha mgeni, na neno halimalizi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mwenyeji si huyu?"

Mramba akamgeukia mkewe. Karibu. Kanze alikusanya nguvu zote zilizomsalia kwa ajili ya neno moja, na yeye, mwenye sauti ya kusikika gati nzima, alilibana kooni. Tena akatambua kwamba si Kai peke yake aliyekuwa akibisha pale mlangoni siku zote hizo.

"Bwana," aliomba, "si mimi mkubwa wa nyumba hii."

Akatoka miguu mitupu, viatu hakuvikumbuka. Kwa Kai alisikia watu wakila ndani. Akapiga hodi, lakini ndege ilikuwa ikishuka kuelekea uwanjani na kelele zake zikafunika kila kitu. Akapiga ya pili. Hakuna aliyejibu. Hajawahi, maisha yake yote, kusimama mlangoni pa mtu akiogopa kutokaribishwa. Ya tatu ilimtoka nyembamba, kama ya mgonjwa.

"Nani?"

"Ni mimi. Niliyekukoholea."

Kai akatoka, ugali ungali vidoleni. Alitazama ile miguu yenye vumbi, kisha uso.

"Mzee Mramba," akaita kwa upole.

"Naam," akaitika Mramba. Wote wawili walilisikia neno hilo. "Nisamehe, ndugu yangu. Kanze anakukaribisha."

Kai akanawa, akachukua mkate na kikombe vilivyobarikiwa na mchungaji, wakafuatana. Walipofika, Mramba alitangulia ndani akidhani mwenzake anamfuata. Kumbe Kai kasimama kizingitini.

"Hodi," akaita, kwa sauti ya chini.

Kanze akafumbua macho. "Ka..." Mdomo ulikuwa ukimtetemeka. "Ka..."

Mramba akapiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wake, akamsaidia neno.

"...ribu," alisema, machozi yakimtoka. "Karibu, mwenyekiti."