Shafti Niliyoibeba Hadi Kituoni

Subira yangu iliisha nilipoikuta shafti, chuma kirefu cha kuzungusha magurudumu, imelala tena chini ya lori letu, nyumbani Homa Bay. Mume wangu na fundi walikuwa wameliinua lori hilo juu kama ghorofa ili lipite matope, na tangu hapo kila mara magurudumu yakishuka shimoni, shafti inakuwa fupi, inachomoka. Samaki wetu wa kuuza Migori walikuwa wanaoza. Nikamfunga mwanangu Akinyi mgongoni, nikabeba chuma hicho begani mpaka kwa polisi.

“Andika!” nikamfokea askari. “Fundi ametuachia shafti fupi!”

Kabla hajashika kalamu, mume wangu na fundi wakaingia wakihema. “Afande, tumeibiwa! Shafti mpya, ndefu! Tumeiacha chini ya gari, tukaenda kuazima spana...”

Fundi akanitazama begani. “Shemeji, ile fupi bado imefungwa garini.”

Mimi huyu niliyesoma hadi sekondari sikuinama hata kuchungulia chini ya lori. Askari alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

“Sasa mama, bado unashtaki?”

“Nashtaki. Andika: mume wangu ananunua shafti bila kuniambia.”

Akaandika.