Dereva wa lori mbele ya ordinatere

Juzi nilikuwa kwenye duka la fotokopi hapa Uvira, nikingoja zamu yangu. Pembeni, mama mwenye duka alikuwa akimfundisha dereva wa lori la kwenda Kamanyola mchezo wa magari kwenye ordinatere, kompyuta ya duka. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

Alianza vizuri. Mara akaona bariere barabarani, kizuizi kama vile vya askari wetu, mti wake umeinuliwa juu. Akafunga breki.

"Papa, pita! Njia iko wazi."

"Minye sipiti bila kuitwa."

"Lakini hakuna muntu!"

"Weye mama haujue. Ukiona hakuna muntu, askari iko mu kivuli, anakuangalia."

Mkono wa kushoto ulikuwa tayari kwenye mfuko wa shati, anapoweka permi yake ya kuendesha. Magari mengine yote yakampita. Muda ukaisha, ikaandikwa kwamba ameshindwa.

"Nimeshindwa nini?" akafoka. "Gari iko nzima, na hakuna aliyenikamata!"

Mchezo ule, wasomaji wangu, umetungwa na mtu asiyejua barabara yetu. Nilicheka mpaka mama akaniuliza nataka kopi ngapi za kitambulisho. Kesho yake ningepanda Kamanyola, na kila bariere hudai kopi yake. Nikaanza kuhesabu bariere kwa vidole.