Chumvi Niliyopanda Nayo Rurambo

Safari ya Rurambo ilinigharimu chumvi yote niliyokuwa nayo, kitenge kimoja kipya ambacho sikuwahi kukivaa hata Jumapili moja, na viatu vya marehemu mume wangu. Nimehesabu mara mbili, hesabu ni hiyo hiyo. Nilichokipata nitakisema mahali pake. Mimi ni mchuuzi, siweki mzigo wote mezani kwa mara moja.

Sababu ya kuondoka ilikuwa hii. Mwaka ule wa uasi, uhuru wetu ulikuwa haujatimiza hata miaka mitano, nami nilikuwa ninauza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na chumvi hapa Nyamianda, Uvira. Binti yangu Riziki, mtoto wangu wa pekee, nilikuwa nimempeleka Luberizi kwa mama mkwe wangu akae naye wakati wa likizo. Kisha vita ikashuka bondeni. Barabara ya Bukavu ikafungwa, malori yakaacha kuja, nami nikabaki kando ya ziwa nikiuliza kila mpita njia. Mwishowe mwanamke mmoja aliyetoroka Luberizi akaniambia kwamba watu wa huko wamekimbilia milimani, upande wa Rurambo.

"Na Riziki?"

"Mama Riziki, kila muntu alikimbia na miguu yake. Sikuangalia ya wengine."

Sikumlaumu. Nilienda kufunga mzigo.

Alfajiri nilitoka na kikapu kichwani. Chumvi niliiweka chini, ndagala juu. Noti za siku zile ziliamka na thamani zikalala bila thamani, lakini chumvi, huko milimani ambako malori hayafiki hata wakati wa amani, inafungua mlango wowote. Viatu vya mume wangu vilinizidi, nikavijaza vitambaa.

Kwenye mto Kalimabenge, nyuma kidogo ya mji, vijana wa uasi walikuwa wameweka barieri ya mti mmoja kuziba njia. Yule mkubwa wao, mwenye ndevu tatu hivi, akanyoosha mkuki kwenye kikapu.

"Mama, muko nini humu?"

"Ndagala, baba. Za wiki iliyopita. Inama unuse."

Akainama, akanyooka haraka. "Weye unataka kuua jeshi?"

"Minye ninatafuta mutoto wangu tu."

Akaniangalia vizuri. Kisha akaangalia kitenge kilichokuwa begani. Nilianza kubishana, maana nimezoea, lakini nikakumbuka kwamba mwenzangu katika biashara hii ana mkuki. Nikampa. Akaniambia, "Mungu akusaidie, mama," na nadhani alimaanisha, ingawa angeweza kumaanisha hivyo hivyo bila kuchukua kitenge.

Njiani kupanda nililala mara mbili kwa watu nisiowajua. Mlima ule hauna huruma: unafika kileleni unashukuru, unagundua ni goti tu la mlima wenyewe. Viatu vilipasuka kabla ya safari kwisha. Nikiwa peku nilisimama kuangalia nyuma, nikaona ziwa limekuwa dogo kama maji ya kunawa mikono, na bonde lote la Ruzizi liko wazi, na moshi mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na moshi. Nilijaribu kutafuta Luberizi kwa macho. Nikaacha.

Rurambo nilipokelewa na mjane mmoja, Mama Nabintu, mwenye ng'ombe wachache na maneno machache zaidi. Aliniuliza jambo moja tu: kama nimekula. Tuliuliza nyumba kwa nyumba. Watu wa Luberizi walipita, ndiyo. Bibi na mtoto wa kike, hakuna aliyewaona.

"Basi ninashuka bondeni kuwatafuta," nikasema.

"Ukishuka utakufa, na yeye akija hapa atakuta hauko. Ngoja."

Nani alimfundisha huyu kuuza kungoja? Lakini sikuwa na bidhaa bora. Nikangoja.

Wiki za kungoja zilikuwa na umbo moja. Asubuhi Mama Nabintu aliniletea maziwa ya ng'ombe wake mwekundu katika kibuyu. Mchana niliketi njiani nikiuliza wapitao. Jioni, kabla ya kulala, nilipima chumvi yangu kwa kopo, nikairudisha chini ya mkeka, kisha nikaongea na Mungu. Mwanzoni nilimwahidi mbuzi mmoja kanisani. Kimya. Nikapandisha hadi wawili. Mimi, ambaye sijawahi kumpandishia mtu bei mara mbili kwa siku moja! Siku moja nilikuwa nimefika kwenye mbuzi wa tatu, tena dume, Mama Nabintu akaongea kutoka upande wa jiko.

"Weye unafanya soko na Mungu?"

"Ninamuonyesha kama niko na nia."

"Na yeye anasema bei gani?"

"Amenyamaza."

"Kwenye soko, mwenye kunyamaza ndiye mwenye mali," akasema, akaendelea kupuliza moto.

Ilinikera, kwa sababu ni kweli.

Baadaye alikuja mwanaume mmoja mwenye kofia ya polisi isiyokuwa na polisi ndani yake. Alisema amemwona Riziki Luberizi, yuko hai, anamlilia mama yake. Angenipeleka kwa njia ya siri. Bei: chumvi yote, sasa hivi.

Ninawaambia, nilikuwa nimeshainua mkeka. Moyo ulitaka kununua. Ni mdomo tu uliouliza, kwa mazoea ya soko:

"Nywele zake zilikuwa zimesukwa namna gani?"

"Vizuri sana, mama. Mistari, mpaka nyuma."

Riziki nilimpeleka Luberizi kichwa kimenyolewa kipara kwa sababu ya mapunye. Nywele za kusuka zingetoka wapi? Nikashusha mkeka. Yule mtu aliondoka akinitukana kwa ubahili wangu, na Mama Nabintu akamsindikiza na fagio.

Jioni ile sikuwa na bei ya kutaja. Sikutaja mbuzi wala kuku. Nilisema tu: "Bwana, ulimjua kabla yangu. Sina la kuongeza." Nikalala bila kupima chumvi.

Asubuhi yake nilitoka nje nikamkuta yule ng'ombe mwekundu analamba mpini wa jembe. Analamba, anageuza kichwa, analamba tena, pale ambapo mikono ya Mama Nabintu ilikuwa imeacha jasho. Nikauliza ana ugonjwa gani.

"Chumvi," Mama Nabintu akasema. "Tangu vita ianze hawajaonja. Maziwa yanapungua."

"Na ulijua iko chini ya mkeka wangu?"

"Ninafagia nyumba yangu, Mama Riziki."

Alijua siku zote, akaendelea kuniletea kibuyu. Niliingia ndani, nikatoa mfuko mzima, nikauweka miguuni pake. Nilidhani atanishukuru. Badala yake alipanda juu ya kichuguu akaanza kupaza sauti kwenda mlima wa pili.

"Unaita nani?"

"Chumvi hailiwi na ng'ombe za nyumba moja. Hapa kwetu, ikipatikana, tunaita vilima."

Vilima! Mimi nilihesabia ng'ombe wanne. Kabla ya jua kufika utosini walikuja ng'ombe ambao hata salamu hatukuwahi kupeana, na wenye ng'ombe, na mbwa wao. Walichanganya chumvi yangu na maji katika hori la udongo, na ng'ombe wakanywa kwa zamu, huku watu wakipeana habari za kila bonde, maana tangu vita ianze hawakuwa wamekusanyika.

Mchungaji mmoja mwenye mafua akanikaribia.

"Ni weye mama wa Uvira mwenye chumvi? Kwetu, ng'ambo ya kile kijito, iko bibi mumoja wa Luberizi. Amekaa njiani na mujukuu, hataki kuondoka. Tunamwambia, bibi, nenda mbele na wengine. Anasema hapana. Anasema: 'Mukamwana wangu anahesabu kila kitu mara mbili. Atahesabu mutoto, ataona anapungua, atakuja.'"

Niliketi pale pale kwenye matope ya hori.

Mchana huo huo tulivuka kijito. Mama mkwe wangu alikuwa kwenye jiwe kando ya njia, amekonda, fimbo mkononi. Aliniangalia miguu peku akasema, "Umechelewa." Nyuma yake Riziki akasimama, nywele zimeanza kuota. "Mama! Iko ndagala?" Nilimkamata nikahesabu vidole vyake vya mikono, kisha vya miguu, kisha nikaanza tena.

Siku ya kurudi, mapigano yalipotulia, nilibishana na Mama Nabintu kwa mara ya kwanza maishani nikipandisha bei dhidi yangu mwenyewe: nitakutumia vitenge, sabuni, samaki. Alikataa vyote. "Nani aliuza kitu hapa?" Akatufungia siagi ya njiani.

Nyamianda tuliikuta nyumba bila mlango, lakini kuta zilikuwepo, nasi watatu tulikuwepo. Jumapili nilipeleka mbuzi watatu kanisani, si kwa kulipa. Nilitaka watu wale nyama, washibe, waulize kuna nini. Nilichojifunza ni hiki: nilikuwa ninamtilia shaka Mungu wakati bibi kizee mmoja, kwenye jiwe, hakunitilia shaka mimi hata siku moja, nami si mwaminifu nusu ya Mungu.

Sasa mama mkwe wangu amerudi Luberizi. Mpunga unakomaa, ndege wameshuka kwa maelfu, naye ametuma neno kwamba anamtaka Riziki akamsaidie kuwafukuza. Barabara wanasema ni salama. Riziki amekwisha kufunga nguo zake, anaimba. Ninajua ni nani aliyemlinda, na bado kila nikifika mlangoni mkono wangu unamrudisha. Ninyi mliowahi kumwachia mtoto barabara ile kwa mara ya pili, niandikieni: mkono unaufungua namna gani?