Uvimbe wa Goti Haumpiti Jairus wa Boito

Saa mbili asubuhi, ukungu haujatoka kwenye mashamba ya chai ya Boito, na Jairus Onyiego amepiga magoti kwenye sakafu ya zahanati. Mbele yake, Mama Chepkosgei amelala kifudifudi kitandani, leso imepandishwa, uso ameuficha viganjani.

Mchuma chai huyu wa miaka 54 amekaa na uvimbe nyuma ya goti kwa miaka miwili bila kumwambia mtu. Bintiye ndiye aliyemleta, baada ya kumwona akishindwa kuchuchumaa.

"Daktari, kama ni ya kukata mguu, niambie tu nirudi nyumbani."

"Hakuna mtu anakata mguu hapa, mama. Hata kisu sina," Jairus anamjibu. Mama anacheka kidogo.

Afisa huyu wa kliniki hana haraka. Anabonyeza kujua kama uvimbe ni laini au mgumu. Anatulia, vidole vikisikiliza kama unadunda. Kisha anafunga pazia na kugandamiza tochi ubavuni mwa uvimbe. Uvimbe wote unang'aa kwa rangi nyekundu.

"Mwanga umepita. Inaonekana ni maji ya goti," anasema. "Lakini tochi haitoshi. Utaenda Kericho upigwe picha."

Tahadhari hiyo alifunzwa na kosa. Mwaka wake wa pili kazini, alimwambia mzee mmoja kwamba uvimbe wake ni maji tu, bila kuupima. Ilikuwa saratani, na mzee akapoteza mguu.

"Alinisamehe kabla sijamwomba," asema Jairus, 43. "Hiyo ndiyo iliniuma zaidi."

Tangu hapo, uvimbe mgumu, au unaozidi kukua, haulali Boito. Kwa miaka kumi na sita ametuma wagonjwa 61 hospitalini. Watatu walikuwa na saratani. Wote watatu wanatembea.

Wiki moja baadaye, Chepkosgei anarudi na jibu: ni mfuko wa maji, goti limechakaa kwa kupanda na kushuka miteremko. Atafanya mazoezi na kupunguza mizigo.

"Wiki yote sikulala vizuri," anakiri.

Jairus anajua. Ndiyo maana Januari anaenda kusomea upigaji picha wa altrasaundi, akitumaini zahanati itapata mashine yake, mgonjwa apate jibu siku hiyo hiyo.

"Na ukienda, nani atatuangalia?" Chepkosgei anauliza.

"Nitarudi, mama. Hii milima iko na magoti mengi."